Ndugu yako amekutwa na chuma kingi mwilini: uanze na kipimo cha chuma, cha jeni, au vyote kwa mpigo?

Mtu akigunduliwa kuwa na hemokromatosisi ya kurithi, yaani ugonjwa wa mwili kulimbikiza chuma, habari hiyo inawahusu na wengine. Ndugu zake wa baba mmoja na mama mmoja wana uwezekano wa robo nzima, kila mmoja kivyake, wa kuwa wamerithi hali ileile. Tatizo ni kwamba wengi wao huishia kuambiwa “kapime na wewe” bila kuelezwa wapime nini. Wanakwenda, wanapimwa wingi wa damu, wanaambiwa wako vizuri, mambo yanaishia hapo. Wingi wa damu hauonyeshi ugonjwa huu. Mtu anaweza kuwa na hemoglobini safi kabisa huku ini lake likijaa chuma.

Hapa tunalinganisha njia tatu ambazo jamaa wa mgonjwa anaweza kuanza nazo: kupima chuma kwenye damu, kupima HFE (jeni ambayo kasoro zake ndizo huleta ugonjwa huu mara nyingi), au kuchukua vyote siku moja. Kila njia ina watu wake.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi

Kwa kawaida utumbo hufyonza miligramu 1 hadi 2 za chuma kwa siku, sawa na kiasi kinachopotea. Anayeamua kiasi hicho ni hepsidini, homoni inayotengenezwa na ini: ikiwa nyingi, chuma hakipiti, ikiwa haba, kinapita hata kama mwili umekwisha kushiba. Mwenye hemokromatosisi ana hepsidini haba. Na mwili wa binadamu hauna njia yake ya kutoa chuma kilichozidi, isipokuwa kwa damu kutoka. Ndiyo maana wanaume huanza kuumwa mapema zaidi, mara nyingi kuanzia miaka 40, na wanawake baada ya hedhi kukoma. Mwili wa kawaida una gramu 3 hadi 4 za chuma. Mgonjwa wa miaka mingi anaweza kufikisha 20 au zaidi, zikiwa zimelundikana kwenye ini, kongosho, moyo, viungo na tezi.

Dalili za mwanzo ni za kupotosha: uchovu, maumivu ya vifundo vya vidole (hasa kidole cha shahada na cha kati, pale vinapoungana na kiganja), hamu ya tendo la ndoa kupungua. Kuna wanaolalamikia uchovu wakaandikiwa vidonge vya chuma bila kupimwa, jambo ambalo kwao ni kuongeza mafuta motoni. Baadaye huja ngozi kuwa nyeusi kuliko kawaida, kisukari, moyo kwenda mrama na sirosisi, yaani ini kujaa makovu. Anayegunduliwa kabla ya sirosisi na kisukari, akatibiwa kwa kutolewa damu mara kwa mara, ana matarajio ya kuishi sawa na watu wengine. Ila maumivu ya viungo yana ukaidi. Mara nyingi hubaki hata chuma kikishapungua.

Tunazilinganisha kwa vigezo gani

Kwanza, swali ambalo kipimo kinajibu. Pili, maandalizi ya sampuli. Tatu, namna kipimo kinavyoweza kukudanganya, na hapa ndipo tutakapokaa zaidi. Nne, utalazimika kurudia mara ngapi. Tano, majibu yanawagusa akina nani wengine. Mwisho, nani kinamfaa.

Kabla ya yote, pata karatasi ya mgonjwa wa kwanza

Usichague chochote kabla ya kuona majibu ya jeni ya yule aliyegunduliwa. Kama hajapimwa jeni, yeye ndiye wa kuanza, si wewe. Jamaa anayepima HFE bila kujua mgonjwa ana badiliko gani anatafuta kitu asichokijua, na jibu la “hakuna kilichoonekana” halitamwambia lolote la maana.

Kwenye karatasi tafuta maneno haya. C282Y ni badiliko lililo kubwa kwa madhara. Maabara nyingine huliandika p.Cys282Tyr au c.845G>A, na yote matatu ni kitu kimoja. H63D (p.His63Asp, c.187C>G) ni jepesi zaidi. Kisha angalia kama ni nakala moja au mbili, kwani kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa kila mzazi. Nakala mbili za C282Y ndizo zinazoeleza wagonjwa walio wengi wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, ambako takriban mtu mmoja kati ya 200 hadi 300 amezaliwa nazo. Kwa watu wenye asili ya Afrika au Asia badiliko hili ni nadra sana. Hilo halina maana kwamba hawapati ugonjwa wa chuma kuzidi. Maana yake ni kwamba kwao kipimo cha HFE mara nyingi hakitakuwa na la kusema.

Njia ya kwanza: kupima chuma kwenye damu

*Inajibu nini.* Je, chuma kimeshaanza kuzidi mwilini mwako leo?

Vinavyotakiwa ni vitu viwili kwa pamoja: feritini, inayoonyesha akiba, na asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma, ambayo kwenye fomu huandikwa TSAT. Baadhi ya maabara hazikupi TSAT, zinakupa chuma na TIBC tu, yaani uwezo wote wa damu kubeba chuma. Igawanye mwenyewe: chuma kwa TIBC, zidisha kwa 100. Kama umepewa transferini kwa gramu kwa lita, izidishe kwa 25 upate TIBC ya kukadiria kwa mikromoli.

TSAT inayozidi asilimia 45 inahitaji kufuatiliwa (miongozo mingine kwa wanaume inaweka 50). Feritini huhesabiwa imepanda ikizidi mikrogramu 300 kwa lita kwa mwanamume na 200 kwa mwanamke. Ikivuka 1,000, daktari anapaswa kuangalia kama ini limeshapata makovu.

*Maandalizi.* Nenda asubuhi ukiwa hujala. Acha vidonge vya chuma, vitamini C na vidonge vya mchanganyiko wa vitamini angalau siku moja kabla, lakini kama uliandikiwa na daktari mwulize kwanza. Kama una homa au umetoka kuumwa, ahirisha: maambukizi hushusha chuma cha kwenye damu na wakati huohuo hupandisha feritini, kwa hiyo namba zote mbili zitakuongopea, tena kila moja upande wake. Sampuli ambayo chembe zake zimepasuka wakati wa kuchukuliwa nayo irudiwe.

*Inavyodanganya.* Kosa la kwanza ni kupima feritini peke yake. Chukua mwanamume wa miaka 32 ambaye majibu yake ni chuma 36, TIBC 48, feritini 240. Mwenye kusoma feritini tu atamwambia yuko salama, kwani haijafika 300. Lakini 36 kwa 48 ni asilimia 75. Chuma kimeshaanza kufurika kwenye damu, ila akiba haijapata muda wa kujaa. Kwa hemokromatosisi TSAT hupanda mapema, feritini hufuata miaka mingi baadaye. Kijana huyu ndiye hasa tunayetaka kumkamata sasa.

Kosa la pili ni kinyume chake. Mwingine ana feritini 780 na TSAT asilimia 28. Hapo ghafla ukoo mzima unaambiwa una ugonjwa. Feritini hupandishwa na pombe, mafuta kwenye ini, unene, uvimbe wa ndani na saratani, na kwa TSAT ya kawaida namna hiyo sababu hizo ndizo za kuchunguzwa kwanza. Ipo hemokromatosisi adimu inayotokana na jeni ya feropotini ambayo nayo hutoa picha ya feritini juu na TSAT ya kawaida au ya chini, lakini hiyo si ya kuanza nayo.

Kosa la tatu ni kusahau damu iliyotoka. Mwanamke mwenye hedhi nzito, aliyejifungua mara kadhaa, au mtu anayechangia damu mara kwa mara anaweza kuwa na namba nzuri miaka na miaka huku amerithi nakala mbili. Nusu lita ya damu hubeba miligramu 200 hadi 250 za chuma, kwa hiyo mchangiaji damu wa kudumu anajitibu bila kujua.

*Kurudia.* Jibu zuri ni la leo tu. Asiyejua jeni yake atalazimika kurudi tena kila baada ya muda atakaopangiwa, maisha yake yote. Huu ndio udhaifu mkubwa wa njia hii: watu huchoka.

*Wanaoguswa.* Wewe peke yako. Majibu hayasemi lolote kuhusu watoto wako.

*Inamfaa nani.* Mwenye dalili tayari. Mtu ambaye ukoo wake una chuma kingi lakini badiliko la jeni halijajulikana. Mtu aliye mbali na maabara ya jeni. Na yule ambaye hataki kujua mambo ya kurithi, ambaye ana haki hiyo.

Njia ya pili: kupima jeni ya HFE

*Inajibu nini.* Je, ulirithi kile alichorithi ndugu yako? Haisemi kama unaumwa.

*Maandalizi.* Ni rahisi. Huhitaji kufunga, homa haiharibu kitu, vidonge havina neno. Sampuli ni damu kidogo au kijiti cha pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu. Kwa kijiti, usile, usinywe wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Aliyewahi kupandikizwa uboho amweleze daktari mapema, kwa sababu damu yake itaonyesha jeni za aliyemchangia.

*Kurudia.* Mara moja maishani.

*Inavyodanganya.* Hasa katika usomaji. Nakala mbili za C282Y ni hatari iliyorithiwa, na watu wengi wenye nazo hawafiki kuumwa. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watu zaidi ya 450,000 wenye asili ya Ulaya, na kati yao 2,890 walikuwa na nakala mbili. Hadi mwisho wa ufuatiliaji, waliokuwa wamegunduliwa na hemokromatosisi ni kama mwanamume mmoja kati ya watano na mwanamke mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo jibu la nakala mbili linakupeleka kupima chuma siku ileile, halikupeleki moja kwa moja kutolewa damu.

Nakala moja ya C282Y na moja ya H63D kwa kawaida haitoshi kuleta ugonjwa mzito. Mwenye nazo akiwa na feritini ya juu, daktari mzuri ataulizia pombe na mafuta ya ini kabla ya kuishtaki jeni. Nakala moja tu ya C282Y humfanya mtu kuwa mbebaji: haugui kwa hiyo nakala, ila anaweza kuipitisha. Tunasisitiza hapa kwa sababu wabebaji wengi hujikuta wakikatazwa vyakula na kuishi na hofu isiyo yao.

Na jibu la “hakuna” hufunga mlango iwapo tu mgonjwa wa kwanza ana badiliko linalojulikana na wewe huna. Vinginevyo kumbuka kuna jeni nyingine: HJV na HAMP, zinazoleta aina ya ujanani kabla ya miaka 30, TFR2, na SLC40A1, ile ya feropotini. Kipimo cha kawaida cha HFE hakizigusi. Vifurushi vya kujipima jeni ili kujua asili ya ukoo, vinavyouzwa mtandaoni, navyo huangalia mabadiliko machache tu. Jibu lake lithibitishwe na maabara ya hospitali kabla ya kulifanyia uamuzi.

*Wanaoguswa.* Wengi. Ukiwa na nakala mbili, kila mtoto wako amepata moja, na wazazi wako wote wawili wana angalau moja kila mmoja. Katika nchi nyingine kampuni za bima ya maisha zinaruhusiwa kuulizia majibu ya jeni, kwa hiyo jua sheria za mahali ulipo kabla ya kutoa sampuli, si baada.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima ambaye badiliko la ndugu yake linajulikana, hana dalili, na anataka jibu la kudumu. Humfaa zaidi asiye na badiliko lile, kwa kuwa anaachana na vipimo moja kwa moja.

Njia ya tatu: vyote kwa mpigo mmoja

Inajibu maswali yote mawili: ulirithi nini, na chuma kimefika wapi. Kwa ndugu wa damu wa mgonjwa mwenye C282Y mbili, hii ndiyo njia ambayo miongozo ya madaktari wa ini huielekea, na sababu ni ya kiutendaji tu: mtu anayeambiwa arudi tena baada ya wiki sita mara nyingi harudi.

Maandalizi ni yale ya chuma, yaani asubuhi na bila kula. Kurudia kunategemea jibu: mwenye nakala mbili na chuma cha kawaida hupimwa feritini na TSAT kila mwaka au karibu na hapo, asiye na badiliko la ukoo huachiwa. Wanaoguswa ni walewale wa njia ya pili. Hasara yake ni kulipia vitu viwili mahali ambapo kimoja kingetosha, na kupokea karatasi mbili ambazo mtu asiyezoea anaweza kuzichanganya. Kwa ndugu waliozaliwa pamoja inafaa sana. Kwa binamu na wajomba faida yake inapungua kadiri udugu unavyokwenda mbali.

Na watoto je?

Hapa kuna njia ya mkato ambayo familia nyingi haziambiwi. Mgonjwa ana C282Y mbili na watoto wanne. Badala ya kuwapima wote, mpime mwenzi wake HFE. Asipokuwa na C282Y, watoto wote ni wabebaji tu, na kipimo kimoja kimemaliza kazi ya vinne. Akiwa nayo moja, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa na mbili, nao wapimwe wakifika utu uzima. Kumpima mtoto mdogo aina hii ya ugonjwa hakuna haraka: madhara yake ni ya ukubwani, na uamuzi ni vizuri aufanye mwenyewe.

Ujumbe wa kuwapelekea ndugu

Uhamasishaji unaofanya kazi zaidi ni ule unaotoka kwa mgonjwa kwenda kwa watu wake, ukiwa na maneno ambayo daktari wao atayatambua. Mfano:

“Habari zenu ndugu zangu. Nimepimwa nikakutwa na hemokromatosisi ya kurithi, yaani mwili unalimbikiza chuma. Majibu yangu ya jeni ni HFE C282Y, nakala mbili. Kaka na dada zangu, yeyote kati yenu anaweza kuwa nayo hata kama hajisikii mgonjwa. Mwombeni daktari feritini, TSAT na jeni ya HFE. Kipimo cha wingi wa damu hakitoshi. Nimeweka picha ya majibu yangu, mwonyesheni. Anayemeza vidonge vya chuma amweleze daktari.”

Mtumie kila mtu peke yake. Ujumbe ukitupwa kwenye kundi la familia kila mmoja hudhani umemlenga mwingine.

Uchague kwa hali yako

Ni kaka au dada wa mgonjwa mwenye C282Y mbili, na uko kwenye umri wa kuugua: chukua vyote kwa mpigo.

Ni ndugu yake lakini una miaka ishirini na kitu, mzima kabisa: kipimo cha jeni kinaweza kutangulia. Kikionyesha nakala mbili, chuma kipimwe mara moja na kila mwaka baada ya hapo.

Unaumwa vifundo vya vidole, una kisukari kisichoeleweka chanzo au vimeng’enya vya ini viko juu: anza na chuma hata kama suala la jeni bado linajadiliwa. Matibabu hayasubiri ukoo mzima ukubaliane.

Ni mwanamke ambaye bado unapata hedhi au ni mchangiaji damu wa kudumu: usiridhike na feritini nzuri. Kwako jeni ndiyo itakayokuambia cha kutarajia hedhi au uchangiaji utakapokoma.

Asili yako si ya Ulaya, au mgonjwa wa kwanza alipimwa HFE hakuonekana na kitu: njia ya chuma ndiyo yako. TSAT na feritini vikibaki juu baada ya kurudiwa asubuhi bila kula, omba picha ya MRI inayokadiria chuma kwenye ini, na kikithibitika, kipimo cha zile jeni nyingine.

Na aliye chini ya miaka 30 ambaye moyo umeanza kushindwa, au hedhi au nguvu za kiume zimepotea, huku TSAT ikiwa juu, hayumo kwenye ulinganisho huu. Huyo apelekwe kwa bingwa sasa hivi, kwani aina ya ujanani huenda mbio na huua kwa moyo.